Begi Langu la Safari ya Gofu, na Ombi la Kuruhusiwa Kutoka Wodini

Kwa Nahodha wa Klabu ya Gofu.

Ndugu Nahodha,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi pia ni mzima, na neno hilo nakuomba ulisome mara mbili. Nakuandikia kama mwanachama wa siku nyingi na mpima ardhi mstaafu, mtu ajuaye mipaka yake na ya majirani zake. Safari yetu ya gofu imekaribia, na mke wangu ameshaanza kunifungia begi. Hilo ndilo lililonikalisha kitako kuandika.

Kwa faida ya wasiomjua, mama watoto ni muuguzi mkuu wa wodi ya wanaume. Wanaume wote anaowaona kazini wakiwa na begi lenye nguo za kulalia wamekuja kulazwa. Hajawahi kuona begi likienda kwenye starehe. Simlaumu, maana mtu hufunga begi kwa alivyozoea, lakini kwa kweli yamenifika shingoni, na malalamiko yangu ni haya:

1. Vilivyomo. Safari iliyopita nilifungua begi hotelini mbele ya mwenzangu wa chumba, yule mwenye duka la rangi. Nikatoa blanketi, mashuka mawili, beseni, chupa ya chai, kandambili, kikombe na kijiko vyenye jina langu kwa rangi ya kucha, na lile gauni la wodini linalofungwa kamba mgongoni. Kofia ya jua haikuwemo. Glavu yangu ya gofu nayo haikuwemo, ila zilikuwemo za mpira, boksi zima. Mwenye duka la rangi akaniachia kitanda kilicho karibu na choo.

2. Fimbo. Ili beseni lipate nafasi kwenye gari, mke wangu alitoa fimbo tatu katika mfuko wangu wa gofu. Nilipomuuliza, alinieleza kwa upole kwamba mpira ni mmoja na hata fimbo moja itaufikisha, japo kwa kuchelewa, lakini beseni likihitajika hakuna cha kushika nafasi yake. Nimewahi kubishana na mawakili watatu juu ya jiwe moja la mpaka na nikawashinda. Kwa hoja hii nililibeba beseni mwenyewe hadi kwenye gari.

3. Utepe. Asubuhi ya kuondoka alinifunga mkononi utepe wa plastiki, kama wanaofungwa wagonjwa, wenye jina langu, umri wangu, kundi langu la damu na maelezo kwamba nisipewe maharage usiku. Nilipanga kuukata njiani. Mkasi ulikuwa chini kabisa ya begi, chini ya beseni, chini ya blanketi, na nikaona nifunike kombe mwanaharamu apite. Hakupita. Dada wa mapokezi aliusoma wote, akanitafutia kiti nikae, kisha akapiga simu jikoni kuhusu maharage.

4. Kutembelewa. Jioni ile wachezaji walikuja chumbani kwangu wawili wawili. Waliniletea machungwa. Walikaa pembeni ya kitanda, wakaongea kwa sauti ya chini, wakaniambia nimenawiri. Mweka hazina alinishika mkono kwa muda mrefu. Niliwaeleza kwamba siumwi popote. Wakatazamana, na mwenye duka la rangi akasema mficha maradhi kifo humuumbua. Nahodha, mtu akishaambiwa methali hiyo hana pa kutokea. Akikana anaficha, akikubali anaumwa.

5. Ushindi. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Kesho yake nilishinda kombe la wazee. Sikumbuki mpira wangu hata mmoja ulioingia shimoni. Kila ulipokaribia, au ulipoonyesha nia ya kukaribia, wenzangu walisema tosha, mzee, tosha, wakauokota na kuniandikia alama nzuri. Mpira mmoja uliangukia bwawani, wakaniambia maji siku hizi yanahesabika kama nyasi. Nimelitamani kombe lile tangu nijiunge na klabu. Sasa liko juu ya kabati sebuleni na nikilipita naangalia pembeni. Ninachotaka, Ndugu Nahodha, ni kucheza gofu siku moja kama mtu mzima kati ya watu wazima, na kushindwa kwa haki.

6. Foleni. Siku ya mwisho habari za begi langu zilikuwa zimeenea, na watu wakaanza kuja na shida zao: huyu kiuno, yule kidole, mwingine gesi. Ndani ya begi, kwenye mfuko wa pembeni wenye dawa na bandeji, kila mmoja alipata cha kumfaa. Wewe mwenyewe, kwa heshima zote, ulichukua blanketi langu, na mpaka leo sijaliona. Nalitaja si kwa kulidai, bali kama ushahidi.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo. Mke wangu hatii maneno ya mume wala ya mwenyekiti wa mtaa, lakini karatasi yenye saini ya daktari huitii papo hapo. Kwa kuwa klabu yetu inaye daktari wa meno, naomba kamati imwelekeze aniandikie cheti cha kuruhusiwa rasmi kutoka katika wodi ya mke wangu, na kuthibitisha kwamba gofu si ugonjwa. Najua ujuzi wake unaishia mdomoni. Basi na anikague mdomo, kisha aandike kwamba na kwingine kote hali ni hiyohiyo. Kamati ikiona haitoshi, naomba ipige marufuku kabisa wake, waume, mama na dada kumfungia mchezaji begi, na atakayekutwa na beseni arudishwe getini.

Nisalimie mweka hazina, daktari wa meno, mwenye duka la rangi, mpishi, mlinzi wa geti, na mkata nyasi ambaye peke yake hakuniletea machungwa.

Nabaki kuwa mwanachama wako mtiifu, asiyeumwa,

Mpima Ardhi Mstaafu.

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha, mke wangu ameniambia kazini wamemchagua kwenda semina mji wa mbali, juma lilelile la safari yetu. Nimechungulia begi lake. Magauni mawili na mswaki, basi! Mtu na akili zake! Nimemwongezea sweta langu, tochi, mwavuli, dawa ya mbu, mto wake wa kulalia, na sufuria dogo, maana huwezi kujua. Anasema semina si hospitali. Wote husema hivyo. Tafadhali futa jina langu kwenye safari, nataka nimpeleke stendi mwenyewe, halafu nikae karibu na simu. Daktari wa meno asiandike chochote. Kumbe katika nyumba hii sijawahi kuwa mtu wa kubaki, siku zote mimi ndiye wa kuondoka. Begi nimelikalia, zipu imegoma, nimepitia kitu kimoja kimoja tena na tena, na sioni cha kutoa.