Kikapu, Kapi na Mpira wa Birika

Jumatatu, tarehe 5 Agosti

Umeme umekatika tangu asubuhi. Habana nzima inajipepea. Namshukuru aliyebuni upepeo: kipande cha boksi, kijiti, basi. Hauhitaji umeme wala ruhusa.

Nimemaliza shule. Kila mtu ananiuliza sasa nitafanya nini. Jibu ninalo. Tatizo ni kulitoa mdomoni.

Nataka kukaa kwenye meza ya Mzee Eusebio. Meza yenyewe ipo mlangoni mwa jengo letu, chini kabisa ya roshani yetu. Juu yake kuna jiliwa la kubania vyuma, bomba la sindano na kopo la vijiwe vya viberiti. Nasikia kwingine kiberiti cha gesi kikiisha watu hukitupa. Hukitupa! Mzee Eusebio hukichoma sindano matakoni kama mtoto mgonjwa, hukijaza gesi, hukipa kijiwe kipya, kikafufuka. Hufufua pia miavuli, zipu na feni. Namtazama kutoka juu tangu nikiwa mdogo. Sijawahi kumwambia zaidi ya shikamoo. Hata hiyo sidhani aliisikia.

Msaidizi wake amehamia ng'ambo. Leo mzee ametangazia mtaa mzima kwamba Jumamosi atachukua mwingine. Sharti ni moja: anayetaka kazi aje aiombe mwenyewe. Yule wa mwisho aliombewa na mama yake, mzee akasema, na hakuipenda kazi hata siku moja.

Aiombe mwenyewe. Kwa mdomo. Mbele ya foleni ya mkate inayopita mlangoni pale. Mungu wangu!

Nimejaribu mbele ya kioo. Nimeonea haya hata kioo.

Dayamí wa ghorofa ya pili, ambaye haya amezisikia kwa jina tu, amesema kutoka roshani yake kwamba labda ataiomba yeye. Kukaa kivulini na kutazamwa, amesema, ndicho kipaji chake.

Mpango: sitaomba. Nitamfanya mzee aniombe mimi. Nitamshushia kazi za mikono yangu kwa kikapu, mpaka aulize ni za nani.

Ah, kikapu! Kamba, kikapu cha ukili, ndoano. Goti la Bibi Eneida halitaki ngazi, na tuko ghorofa ya tatu. Kwa hiyo kikapu ndicho miguu yake. Hushuka kitupu, hupanda na mkate, vitunguu na umbea wa mtaa. Kila asubuhi hushuka pia na vikombe vya kahawa, cha kwanza kikiwa cha Mzee Eusebio. Aliyebuni kikapu cha kamba angejengewa sanamu. Labda alikuwa na haya kama mimi, ndiyo maana jina lake halijulikani.

Jioni. Nimetafuta kitu kibovu nyumbani nikitengeneze. Hakuna! Vyote nimeshavitengeneza.

Jumanne, tarehe 6 Agosti

Nimeharibu kiberiti cha Bibi. Kwa nia njema.

Nimeking'oa springi. Kisha nimekitengeneza upya kwa springi ya kalamu, nikaikata na kuipinda kwa koleo mpaka ikakaa kama iliyozaliwa humo. Kazi nzuri, nasema mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine wa kusema. Nimekiweka kikapuni, nikashusha, nikajificha nyuma ya shuka lililoanikwa.

Kikapu kikipita ghorofa ya pili, ukatoka mkono wenye kucha nyekundu. Dayamí! Akachukua kiberiti, akawasha, akakitazama, akakirudisha. Kikafika chini. Mzee akakifungua. Akaichungulia springi. Moyo wangu ukagonga shuka.

Akauliza kwa sauti ni nani huko juu mwenye mikono hii.

Dayamí akajibu kwamba ni sisi tu wa huku juu, Mzee, tumebarikiwa.

Mzee akasema ahaa. Nami nikabaki nyuma ya shuka. Vibanio vya nguo vimelishika mpaka mwisho, upepo wote ule. Vijiti viwili na springi, na havisemi uongo. Ahsanteni, vibanio. Nyinyi angalau mko upande wangu.

Baadaye Dayamí ameita kutoka chini, "We konokono! Toa basi pembe tukuone!"

Sikutoa.

Jumatano, tarehe 7 Agosti

Lazima kikapu kipite mbali na kucha nyekundu. Usiku kucha nimewaza. Jawabu: kapi!

Nimelitoa kwenye mashine ya kufulia ya Kirusi, iliyokufa kabla sijazaliwa na ambayo Bibi huweka maua juu yake. Nimelifunga kwenye mpini wa ufagio, mpini nimeufunga kwenye chuma cha roshani, ukachomoza kuelekea barabarani. Kamba ikapita kwenye kapi kama mafuta. Kitu kizito kikawa chepesi. Gurudumu lenye mfereji, basi! Nimetokwa na machozi kidogo. Bibi amedhani ni vitunguu.

Nimeweka mwavuli niliouharibu na kuutengeneza. Nimeshusha. Kikapu kimepita mbali kabisa na Dayamí, aliyekuwa ameshanyoosha mkono. Ushindi!

Kisha upepo. Kikapu kikaanza kubembea. Muuza mkate alikuwa anapita na baiskeli akipuliza filimbi. Ndoano ikamvua kofia. Nikashtuka, nikavuta. Kofia ikaja juu, mwavuli ukaanguka chini, ukafunguka wenyewe (umefunguka vizuri sana, ulikuwa umetengenezwa vizuri), ukaviringika mpaka kona, lori likaupitia.

Bibi ameipokea kofia, akaijaribu, akauliza nani kamletea zawadi.

Muuza mkate amesema maneno ambayo siyaandiki. Nimemrudishia kofia ikiwa na ndimu mbili ndani, kuomba radhi. Amekirudisha kikapu kikiwa na mkate mmoja, akasema mwambieni huyo asiyeonekana kwamba nikiugua moyo ni yeye. Mtu mwema. Mkate ulikuwa mgumu, lakini mtu mwema.

Mzee Eusebio ametazama juu muda mrefu. Nilikuwa nimelala chali sakafuni.

Ijumaa, tarehe 9 Agosti

Leo nimefanya jambo baya. Lilianza vizuri.

Nilifikiri hivi: vitu vidogo havitoshi. Kiharibike kitu ambacho mtaa mzima utakihisi, kisha nikitengeneze mimi. Kitu gani? Birika la kahawa la Bibi.

Birika lile lina maji chini, kahawa katikati, na mpira wa duara unaoziba mvuke usitoroke. Mpira mwembamba kama biskuti, wala mtu haufikirii. Asubuhi nimeutoa. Nimeuvaa mkononi kama bangili, maana hakuna anayetazama mkono wangu. Hakuna anayenitazama popote. Nikangoja birika ligome, nilifungie mpira nilioukata mwenyewe kutoka tyubu ya baiskeli, nilishushe, mzee auone ukataji wangu.

Birika limegoma. Kahawa imetapika kandokando, imezima moto, imemiminika jikoni. Ilikuwa kahawa ya mgawo ya mwezi. Imechanganywa na njegere ili itoshe, kama kawaida, lakini ni yetu.

Bibi hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliketi na birika mapajani, akasema, "Nimeishi na vimbunga, mwanangu, nimeishi na babu yako na mkoromo wake. Bila kahawa sijawahi kujaribu."

Birika alipewa siku ya harusi. Hilo sikulijua.

Nikatoa haraka mpira wangu wa tyubu. Nilikuwa nimeukata kwa mkasi wa kucha. Si duara, ni yai. Birika likatapika tena. Nikataka kuurudisha ule wa kweli, lakini Bibi hakuliachia birika siku nzima. Alilikumbatia kama mgonjwa.

Na chini mambo yameharibika. Mzee Eusebio hakupata kikombe chake. Ameikata zipu ya begi la mwalimu, amemfokea mteja. Akasema pengine hahitaji msaidizi, pengine anahitaji kufunga meza. Nimemsikia kwa masikio yangu.

Ee mpira mdogo! Sasa ndiyo najua ulikuwa umeshikilia nini. Ulishikilia asubuhi ya watu wengi kiasi hiki, na mimi nimekuvaa kama pambo.

Jumamosi, tarehe 10 Agosti

Nitaandika taratibu, nisiruke kitu.

Asubuhi Bibi alisema birika lishuke kwa Eusebio, afanye analoweza. Alilifunga kwa taulo mwenyewe. Nikaegemea nje kushika kamba kwenye kapi. Foleni ya mkate ilikuwa ndefu. Dayamí alikuwa kwenye roshani yake, viwiko juu ya chuma, kama mtu aliyelipia kiti.

Mzee alifungua birika. Akachungulia ndani. Akatazama juu, pole pole, kwa kufuata kamba mpaka mkononi mwangu.

"Eneida," akaita, "birika lako ni zima. Limekosa bangili tu."

Foleni nzima ikatazama mkono wangu. Nami nikautazama. Bibi, aliyekuwa kando yangu, akautazama kuliko wote.

Nilingoja kofi. Bibi akautoa mpira mkononi mwangu, akaupuliza vumbi, akautia kifuani. Kisha akaegemea chuma na kuita kwa sauti iliyofika baharini:

"Eusebio! Tangu Jumanne mtoto huyu anavunja nyumba yangu ili umwone! Mchukue kabla hajafika kwenye goti langu!"

Watu walicheka. Muuza mkate alicheka mpaka akashuka kwenye baiskeli. Mzee Eusebio hakucheka. Alisema kiberiti cha Jumanne kilikuwa na springi ya kalamu iliyopindwa na mtu mwenye subira, na Dayamí ana kila kitu isipokuwa hiyo. Dayamí akasema ni kweli, hata yeye amegundua kivuli cha pale kinaisha saa sita. Lakini, mzee akasema, sharti ni lile lile.

"Aombe mwenyewe."

Shingo zote zikainuka kwangu. Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Nikaufungua tena, kama samaki wa sokoni. Hakuna kitu. Sauti yangu ilikuwa imelala chali sakafuni, mahali pangu pa Jumatano.

Nikaingia ndani. Nikasikia mtu wa foleni akisema basi, maskini.

Nikakichukua kigoda changu, ninachokalia nikimtazama. Mguu mmoja ulikatika zamani, nikauungia soli ya kandambili. Hakikuenea kikapuni. Nikakifunga kamba miguuni, nikaipitisha kwenye kapi, nikakishusha.

Kwenye ghorofa ya pili kikanasa kwenye kamba ya nguo. Kucha nyekundu zikatoka. Nikafumba macho. Nilipofumbua, Dayamí alikuwa amekinasua, anakisukuma nje kiendelee.

"Haya," akasema, bila kejeli hata kidogo, "konokono na nyumba yake."

Kikafika chini. Mzee akakifungua kamba. Akakipindua, akautazama mguu ule kwa muda. Akakipangusa kwa kitambaa chake. Akakiweka kivulini, kando ya kiti chake, akakipapasa.

"Nimesikia," akasema.

Kamba ikapanda na birika, Bibi akapika kahawa.

Jumatatu, tarehe 12 Agosti

Siku ya kwanza! Nimejaza viberiti, nimeshona mwavuli, nimefungua zipu iliyowashinda watu wawili wazima. Muuza mkate amenisalimia kwa kushika kofia yake kwa mikono miwili. Saa sita kivuli kilikwisha, kama Dayamí alivyosema, naye akanishushia kofia ya jua kwa kamba. Nimemwambia ahsante. Amesema hakusikia. Nimesema tena.

Nashukuru kwa kila kitu. Kwa kapi, kamba, springi, soli ya kandambili.

Jambo moja tu. Nataka sana mzee anifundishe mabirika. Leo limeletwa birika la jirani, akalitengeneza mwenyewe, nami nikapewa zipu. Ningeweza kumwomba. Bibi amesema omba tu, mtoto wee, yule hang'ati. Nimesema ndiyo, Bibi.

Kama pangekuwa na birika jingine la kutengenezwa kesho asubuhi, mzee angeelemewa, angenipa.

Mpira wa birika letu Bibi sasa hauachi. Akimaliza kahawa huutoa, huufunga kwenye gauni lake kwa pini. Jioni hii nimeitazama sana pini ile. Uvumbuzi wa ajabu! Waya mmoja, mpindo mmoja, kijikofia cha kuficha ncha. Haimchomi mtu hata akilala. Na inafunguka kwa kidole kimoja, bila sauti.