Choroa wa Ekwam na Kiti cha Mbele

Jumatatu, 17 Desemba 2012, Kakuma

Miezi saba tangu nitoke Mbale kuja kuchimba mtaro wa maji. Mtaro haujaisha. Mgongo wangu ndio umeisha.

Habari kubwa! Lori la kazini linakwenda Kitale, njia ya kwetu, Jumamosi, na mbele kuna nafasi ya mtu mmoja. Dereva, Etabo, ndiye wa kuigawa. Amesema huku akichokoa meno kwamba hajaonja choroa tangu utotoni, yule swala mkubwa mwenye pembe ndefu kama nondo. Anayetaka Krismasi kwao ajue la kufanya. Nimemwahidi mke wangu Kageha kwamba siku hiyo nitakuwa mezani. Ila Wepukhulu, mwenzangu wa mtaroni, naye anaitaka nafasi hiyo. Wepukhulu, mtu anayelalia upande wangu wa mkeka!

Jumanne, 18 Desemba

Nina rafiki mwenye ranchi. Wangapi hapa wanaweza kusema hivyo? Ni Ekwam, tuliyejuana kwa sababu ya tumbaku yangu, ambayo sasa ni yake. Anasema choroa wapo kwake, upande wa milimani. Alitaka kunisindikiza. Nikakataa. Mwindaji wa kweli hashikwi mkono. Najua kuwinda ni marufuku, lakini nataka mmoja tu. Serikali haitahisi.

Nimechukua kamba ya kufungia mabomba. Nyapara nimemwambia naumwa tumbo. Wepukhulu amempelekea Etabo samaki mkavu kutoka Lodwar. Samaki! Nimecheka mpaka nyapara akauliza tumbo limepona saa ngapi.

Jumatano, 19 Desemba

Nimefika kwenye ranchi. Ranchi haipo.

Nilitarajia seng'enge, lango, labda kibao. Nimekuta duara la miiba na majivu baridi. Mama mmoja, Akidor, alikuwa akichota maji kwenye shimo alilochimba katika mto mkavu. Tukasalimiana, ejok, ejok. Akanieleza kwamba ranchi ya Ekwam ni pale ng'ombe wake walipo, na ng'ombe wamefuata majani. Nikauliza mpaka wake uko wapi. Akasema, "Mpaka ni miguu yao." Kisha akaniomba tumbaku, akaniomba sukari, akaniomba kofia. Nimeendelea bila kofia.

Lakini jioni, kando ya dimbwi, nyayo! Kwato zilizopasuka katikati, kubwa kama sahani. Choroa, tena babu yao! Nimetega kitanzi, nikapanda jabali kulala. Wepukhulu abaki na samaki wake.

Alhamisi, 20 Desemba

Alfajiri nikasikia kengele. Nikafanya ishara ya msalaba, nikidhani ni kanisa la misheni. Kumbe kengele iko shingoni mwa choroa wangu. Na choroa wangu ni maksai.

Mweupe pe, pembe moja imekunjwa mbele, nyingine nyuma. Kamba imemkaza, na fundo langu la mabomba halifunguki. Nyapara mwenyewe hulisifu. Nikapata wazo safi: nimpeleke kwa mwenyewe, nieleze kiungwana. Nikashika kamba, tukaondoka.

Mgeni akionekana Turkana akiongoza ng'ombe wa mtu, hakuna anayesubiri maelezo. Akidor alipiga yowe, kofia yangu kichwani mwake. Kilima kikajaa wanaume wenye fimbo. Mbele yao Ekwam, fimbo juu: "Umefunga mimi kamba!" Nikamwambia hapana, rafiki yangu, nimefunga ng'ombe.

Kosa kubwa! Huyu ni Lokwang, ng'ombe wake wa kuimbiwa, aliyemkunja pembe tangu ndama. Wenzake humwita Ekwam kwa jina la ng'ombe huyo. Kumburuta Lokwang ni kumburuta Ekwam mbele ya mashemeji zake. Ambao walikuwepo.

Ijumaa, 21 Desemba

Redio ilisema kuna watu wanaoamini dunia inaisha leo. Haijaisha. Ingeisha, ningeshukuru.

Kamba wameikata kwa kisu. Adhabu yangu: nitembee mbele ya Lokwang, boma hadi boma, nikimwimbia kumwomba radhi, mpaka akubali kula majani mkononi mwangu. Nyimbo za ng'ombe sizijui. Nimeimba wimbo wetu wa kufunga shule, wa darasa la sita, nilipoishia. Ekwam amesema sauti yangu mbaya lakini inatoka tumboni. Mashemeji wamecheka mpaka wakakaa chini. Lokwang amenusa majani, akapiga chafya.

Jumamosi, 22 Desemba

Tumefika barabara ya Lodwar, mimi naimba, Lokwang anakataa. Vumbi. Lori! Wepukhulu kiti cha mbele, ameegemea kama waziri. Akatoa kichwa: "Mwindaji! Nimwambie nini shemeji Kageha?" Nikimnyamazia Lokwang, adhabu inaanza upya. Ikabidi nimtaje Kageha ndani ya ubeti wa pili. Lori likapita. Macho yakanitoka maji, kwa sababu ya vumbi.

Hapo ndipo Lokwang akanyoosha ulimi, akala majani. Hapo! Baada ya lori!

Jumanne, 25 Desemba

Krismasi. Ekwam amenisamehe, amechinja mbuzi, na nimeketi na mashemeji. Mmoja wao, wa upande wa Lokichoggio, anasema ranchi yake ina tandala, swala wakubwa kuliko choroa, pembe zao zimejisokota. Ameuliza anisindikize? Nimemwambia asijisumbue, nyayo nazijua.

Lori jingine litakwenda Pasaka, dereva yuleyule. Kipande cha kamba kilichobaki kinatosha, na safari hii fundo nitalifunga mara mbili. Kageha, nakuja Pasaka. Azima sufuria kubwa.