Uzio wa Miti ya Kettle Forks

Halmashauri ya Mji wa Kettle Forks, jimbo la Ohio, inapenda kuutangazia umma kwamba kuanzia Jumatatu mji utakuwa mzuri.

Tangazo hilo lilibandikwa posta, maktaba na kwa kinyozi. Chini yake palikuwa na sahihi mbili: ya Meya Royce Tunstall, na ya Bwana Delbert Hoskins, Mwenyekiti wa Kamati ya Kupendeza. Delbert alikuwa ametumikia mji miaka kumi na tisa kwenye dirisha la leseni za mbwa, mahali ambapo hakuna aliyewahi kumpigia makofi, na wateja wenyewe wengine walimng'ata. Sasa alikuwa na kiti kinachozunguka na beji ya shaba. Alimwapia mkewe kwamba dirishani harudi, hata wamburute.

Chanzo cha kamati kilikuwa hiki. Timu ya wasichana ya mpira wa kikapu ya chuo cha mjini, iitwayo Nyegere, ilikuwa imefungwa misimu minne mfululizo. Kila mwaka mabinti warefu waliomaliza sekondari kwingine walialikwa kuja kukitazama chuo. Walikula kuku, wakapiga picha, wakaenda kutia sahihi ya kuchezea vyuo vingine. Meya akamwita kocha, Rhonda Pickett, ajieleze.

"Mabinti wanatupenda, Mheshimiwa," kocha alisema. "Tatizo ni mama zao. Wanasoma."

"Wanasoma nini?"

"Habari za mji. Na za shule zetu. Sisi ni wa mia tano themanini na nane jimboni. Mama ananiambia, 'Watu wasiojali watoto wao, wangu watamjali?' Hata kocha msaidizi niliyemwajiri, alipoiona shule atakayompeleka mwanawe, aliondoka hata mabegi hajafungua."

Kikao kikakaa siku mbili. Mjumbe mmoja, mgeni katika siasa, alipendekeza shule zitengenezwe. Aliombwa kwa upole afute kauli, akafuta. Ndipo ikaazimiwa kwamba, kwa kuwa shida ni shule kuonekana, dawa ni zisionekane.

Turubai la urefu wa maili moja na robo likachapishwa picha za miti, likasimamishwa kando ya barabara kuu kuuficha mtaa wa Pulaski. Huko ndiko ilikokuwa sekondari mbovu kuliko zote, yenye paa linalovujia ndoo saba, kila moja na rangi yake. Njia zote za kuingia mtaani zikazibwa. Wakazi wakapewa mlango wa nyuma, kwa kuzungukia mji jirani wa Ashby Heights, maili kumi na moja. Waraka Namba Nne, ulioandikwa na Delbert kwa mkono wake, ukakataza mtumishi yeyote wa mji au wa chuo kukanyaga upande ule. Akiulizwa ajibu: "Nyuma ya miti hakuna kitu." Ikabaki harufu ya kiwanda cha chakula cha mbwa, na hiyo kwa kuwa haikubali uzio ilipewa jina jipya, harufu ya ajira.

Kwa upande wa shule, Delbert alibuni jambo aliloliona la busara sana. Gari la wageni lilipitishwa Ashby Heights, likasimama mbele ya shule yao ya matofali mekundu, yenye bwawa la kuogelea na maua yaliyopangwa kwa rangi. Hapo yeye husema, "Tazameni shule." Hasemi ya nani. Delbert si mwongo. Kila Jumapili kanisani hukaa benchi la tatu.

Mwezi wa kumi akaja Tamsin Okerlund kutoka Minnesota, binti wa futi sita na inchi nne, na bibi yake aliyemlea, Bi. Ingrid. Walikuja na gari lao, kwa maana ndege haina mahali pa kuiweka miguu ya Tamsin. Asubuhi hiyo Meya alimshika Delbert bega.

"Binti akitia sahihi, kamati yako inakuwa idara. Asipotia, Delbert, mbwa wanakungoja."

Wageni wakapandishwa gari la kamati pamoja na Delbert na Kocha Rhonda, na Bi. Ingrid alikuwa akifuma soksi kubwa kama mfuko wa unga. Walipofika Ashby Heights, Delbert akasema, "Tazameni shule."

Bibi akatazama. "Nzuri. Ni yenu?"

"Bibi, ona maua yale!"

"Nimekuuliza shule, mwanangu, sikuuliza maua. Nina mjukuu mwingine, Nils, ana miaka minane, nitahamia naye hapa. Nimefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na sita. Mtu anayekimbilia maua namjua."

Kocha Rhonda akajifanya anafunga kamba za viatu, na viatu vyake havikuwa na kamba. Gari likaondoka. Lilipoingia barabara kuu, bibi akaacha kufuma.

"Simamisha. Miti yote njiani imepukutika, majani yako chini, mekundu na ya manjano. Hii yenu mbona ingali kijani?"

"Udongo wetu una rutuba," Delbert alisema.

"Na upepo huu wote, mbona haitikisiki?"

"Ni miti yenye nidhamu."

"Nyuma yake kuna nini?"

"Nyuma ya miti hakuna kitu."

Kabla hajaimaliza sentensi hiyo ya waraka wake, Bi. Ingrid alikuwa ameshashuka. Akatoa mkasi wa kukatia nyuzi, akapasua turubai kuanzia shinani hadi kimo chake, akajipenyeza. Tamsin akamfuata ameinama. Delbert alibaki barabarani, maana waraka ni waraka, akachungulia kwa jicho moja. Kocha, ambaye naye alifungwa na waraka uleule, akachungulia juu ya kichwa chake.

Kulikuwa na uwanja wa saruji iliyopasuka na kikapu kisicho na wavu. Msichana mwembamba, mikono mirefu kama mwiko wa sherehe, alikuwa akirusha mpira peke yake. Ukaingia. Ukaingia tena. Kocha alihesabu ishirini na sita.

"Yule ni nani?" akanong'ona.

"Hakuna mtu," Delbert alisema. "Nyuma ya miti—"

"Delbert, funga mdomo."

Tamsin akamwomba msichana wacheze, wa kwanza kufika kumi na moja. Aliyemfunga kumi na moja kwa mbili aliitwa Deonna Whitlow, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho pale Pulaski. Kocha akasahau waraka, akapitisha kichwa kwenye tundu.

"Binti! Mbona sijawahi kukuona?"

Deonna akacheka hadi akashika magoti. "Kocha, kengele ya chuo chako naisikia kutoka chumbani kwangu. Wamekuja watu wa majimbo sita, wengine kwa ndege. Wewe ndiye hukuja. Jumatano ya pili ya mwezi ujao natia sahihi. Kofia za vyuo vitano zitakuwa mezani, nitavaa ya chuo nitakachokichagua. Yenu haimo."

"Nitakuletea!" Delbert akapiga kelele kutoka upande wa pili. "Kofia nitaileta mwenyewe!"

"Huyo anayeongea na miti ni nani?" Deonna akauliza.

Tundu lilishonwa kabla ya saa sita mchana wa kesho yake. Ilikuwa kazi ya haraka kuliko zote katika historia ya mji. Mashimo ya barabara yalikuwa na miaka minane na yangalipo. Jumatano ilipofika, Delbert alikwenda kwa Meya na kofia ya Nyegere mkononi, akaomba ruhusa ya kufungua uzio kwa dakika kumi.

"Ukiufungua," Meya alisema, "tumekiri kwamba kuna kitu nyuma yake."

"Ni mwendo wa dakika tano kwa mguu, Mheshimiwa."

"Basi zunguka."

Akazunguka. Huko Ashby Heights, mbele ya shule ya matofali mekundu, watoto walikuwa wakivuka barabara, wawili wawili, taratibu. Mama mwenye kibao cha kusimamisha magari akamwinamia dirishani.

"Si wewe yule wa kila wiki? Leo wageni wako wapi? Au umekuja kuitazama shule yetu peke yako?"

Alipoingia ukumbi wa Pulaski, akazikwepa ndoo, Deonna alikuwa ameshavaa kofia ya chuo kimoja cha Iowa, na watu wanakata keki. Kofia nne zilikuwa zimebaki mezani. Delbert aliiweka yake kando yazo ikawa ya tano.

Wiki hiyohiyo ikaja barua ya Bi. Ingrid. *Tamsin anakwenda Iowa pia. Anasema hataki kukutana tena na msichana yule akiwa upande wa pili.*

Delbert akarudi dirishani kwa mbwa. Kocha Rhonda alihamia jimbo jingine.

Msimu uliofuata Iowa wakaja Kettle Forks kucheza na Nyegere. Meya alikaa kiti cha heshima, safu ya sita. Safu tano za mbele yake zilijaa watu wa Pulaski, waliowasili na uzio. Walikuwa wameukata vipande vipande, na nyuma ya kila kipande wameandika *DEONNA NI WETU*. Kila Deonna alipofunga, walinyanyua vyote juu, maandishi yakitazama uwanjani. Alifunga mara kumi na tisa.

Delbert alikuwa amenunua tiketi yake mwenyewe, safu ya tano. Mama mmoja akamsukumia ncha ya turubai.

"Shika huku, baba, mikono yangu mifupi."

Akashika. Akanyanyua. Nyuma yake akasikia sauti aliyoijua.

"Hoskins! Shusha hiyo! Sioni chochote! Huko mbele kuna nini?"

Delbert aligeuza shingo. Mbele ya Meya palikuwa na msitu mzima, wa kijani, haupukutiki.

"Kwa mujibu wa Waraka Namba Nne, Mheshimiwa," akasema, akizidi kunyanyua, "nyuma ya miti hakuna kitu."