Sarara ya Kulungu kwa Baba

Jumamosi, 16 Novemba

Msimu umefunguliwa! Nimeamka kabla ya jogoo. Suruali mbili, soksi tatu, kizibao cha rangi ya chungwa ili wenzangu wasinidhanie kulungu. Hapajapambazuka niko juu ya mti, kwenye kiti changu. Baridi ya kung'oa meno.

Mwaka huu sichezi. Baba yuko nyumba ya wazee, mapafu yamekwisha. Daktari amemwambia dada yangu Lorene kwamba Krismasi ni mbali mno. Baba mwenyewe alipoulizwa anataka nini, hakutaka mchungaji wala mwanasheria. Alitaka sarara ya kulungu, ile nyama laini ya mgongoni, ikaangwe kwa siagi na kitunguu kwenye kikaango cha chuma. Akasema mmoja wetu amletee. Alikuwa akimtazama Lorene, lakini mimi nilielewa anamaanisha nani. Mtoto wa kiume ni mimi peke yangu. Nina miaka hamsini na nne na sijawahi kuangusha kulungu.

Bunduki ni ya Baba, ile fupi inayokokiwa kwa kuvuta wenzo chini ya kitako, inayotumia risasi za bastola. Hapa Indiana sheria haitaki bunduki za risasi ndefu, maana nchi ni tambarare na nyumba zimetapakaa. Risasi ya bastola ina kishindo kizuri karibu, halafu inachoka mapema. Baba alinifundisha kanuni moja tu: ukiliona jicho lake, piga, ukiona masikio tu, kunywa kahawa yako.

Leo sikuona jicho wala masikio. Nilisinzia. Themosi ikaniponyoka, ikagonga kila tawi mpaka chini, msitu mzima ukajua nipo. Nashuka kuiokota, nikasikia mlio mmoja wa bunduki upande wa pili. Dwight! Shemeji yangu, mume wa Lorene. Tena kabla ya kifungua kinywa. Akapita na pikapu, kulungu amelazwa nyuma, akapunguza mwendo ili aniulize kama kahawa yangu imejeruhiwa vibaya.

Jumapili, 17 Novemba

Dwight kanitolea nyama. Mlangoni mwa kanisa, mbele ya watu! Ati shemeji, chukua sarara yangu umpelekee mzee, mambo yaishe. Nikamwambia asante, yangu iko njiani. Akauliza inakuja kwa posta? Watu wakacheka, mchungaji naye akacheka.

Hila ya leo: mkojo wa kulungu jike. Unauzwa kwenye chupa. Dume akiunusa, akili humruka, anakuja mbio bila kutazama kushoto wala kulia. Nilipaka kidogo kwenye buti. Uliobaki ukamwagika wote chini ya kiti cha pikapu. Nilikaa mtini mpaka jioni, hakuja dume wala jike. Alikuja paka wa jirani, naye akaondoka.

Nikaenda hivyohivyo kwa Baba. Muuguzi, Tammy, akafungua dirisha bila kuniuliza neno. Lakini Baba alivuta hewa kwa pua, kwa taabu, kisha akatabasamu. Sikumbuki lini alitabasamu mara ya mwisho. Akasema hiyo ndiyo Novemba yenyewe. Akaniambia kesho nije bila kuoga. Nilimshika mguu juu ya blanketi mpaka akalala, halafu nikaenda kulia ndani ya pikapu. Huenda ilikuwa harufu tu.

Jumanne, 19 Novemba

Nimemwona! Dume! Pembe zimetanda kama kiti cha bembea kilichopinduliwa. Alikuwa ng'ambo ya shamba la mahindi, anaokota punje kwenye mabua. Mbali. Jicho silioni. Masikio, kwa kukisia.

Kanuni ya Baba naijua. Lakini Baba hakupenda hesabu. Mimi nilijiuliza: ikiwa risasi inashuka njiani, kwa nini isinyanyuliwe kwanza? Nikalenga juu ya mgongo wake, kimo cha mtu mmoja. Nikafyatua. Udongo ukaruka katikati ya shamba. Dume akainua kichwa, akatazama pale udongo uliporuka, akarudi kula. Nikalenga kimo cha watu wawili. Udongo ukaruka mbele kidogo. Safari hii hata kichwa hakuinua. Dharau!

Sasa, kwetu anayekosa hukatwa shati. Sheria hiyo inaheshimiwa kuliko za serikali. Baada ya chakula cha jioni, pindo la nyuma la shati lako linakatwa kwa mkasi, linaandikwa jina, linapigiliwa msumari kwenye ukuta wa ghala. Mapindo yangu pale ukutani yanatosha kushona mfarishi wa kitanda. Lakini leo nilijiandaa. Chini nilivaa shati jeupe la kanisani, juu nikavaa kuukuu. Wakate kuukuu, nilivue, nibaki na jeupe, nile kwa heshima yangu.

Dwight akashika yote mawili kwa mkupuo mmoja. Kacha! Lorene alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Kisha akasema kila mwaka mkasi alikuwa anaushika Baba. Dwight akapigilia vile vitambaa viwili polepole, akatuambia twende ndani, chakula kinapoa.

Alhamisi, 21 Novemba

Baba hali chakula tena. Anapewa supu kwa kijiko, anaigeuzia uso.

Na nimegundua njama. Tammy kaniambia kwamba Dwight ameleta nyama kimyakimya, imefungwa kwenye karatasi nyeupe ya buchani, iko kwenye friji ya jikoni, na mpishi amekubali kuikaanga kesho mchana. Lorene anajua. Wamenizunguka! Ina maana kesho Baba atatafuna, atafumba macho, atasema asante Dwight. Miaka yote hii nimekaa juu ya miti, halafu asante Dwight!

Nikamwambia Tammy kwamba nyama ni yangu, kwamba nimepata bora zaidi, naja kubadilisha. Alinitazama kwa muda. Akanipa. Iko kwenye sanduku la zana nyuma ya pikapu, na kwa baridi hii haiwezi kuharibika. Sijamwibia mtu. Nimeiweka tu.

Nikaingia kwa Baba, nikamwahidi: Jumamosi, Baba. Niliyoipiga mimi, kwa bunduki yako. Akanishika kidole, si mkono, nguvu hana. Akasema yoyote tu, mwanangu. Kulungu akishaingia kikaangoni hana mwenyewe. Nikajua ni dawa zinazomsemesha. Nikamwambia avumilie kidogo. Akasema atajaribu.

Jumamosi, 23 Novemba

Baba amefariki.

Nitaandika kama ilivyokuwa. Alfajiri alikuja jike. Chini ya mti wangu kabisa, theluji nyepesi mgongoni, anatafuta mbegu za mwaloni. Niliona jicho. Niliona kope! Bunduki ilikuwa begani. Hata risasi ya kurusha kwa mkono ingempata.

Sarara ya jike ni sarara, najua. Lakini nikafikiria kumleta jike, na Dwight kunipongeza kwa sauti ile ya kumpongeza mtoto aliyejifunga viatu mwenyewe. Na hapo, kule ukingoni mwa mabua, akatokea dume. Pembe zote. Nikamwacha jike, nikageuza mtutu. Nikapiga mara tatu. Nilipiga udongo, nikapiga udongo, ya tatu sijui ilikwenda wapi. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Nilipotazama chini, jike alikuwa amekwenda zake.

Simu nilikuwa nimeizima ili isiwashtue kulungu. Nilipoiwasha, Lorene alikuwa amepiga, amepiga tena, amepiga tena. Baba alikuwa amekata roho wakati wa kifungua kinywa. Mayai hakuyagusa. Tammy anasema aliuliza kama kitunguu kimeshaanza kukaangwa.

Lorene akanikumbatia ukumbini. Jana alishinda kazini, hakuja. Akaniambia, kaka, angalau jana alikula nyama yake. Hapo nilipaswa kusema. Tammy alikuwa amesimama pembeni, mashuka mikononi, ananitazama. Nikasema ndiyo, alikula.

Dwight naye, macho mekundu, akaniuliza mzee aliionaje. Nikamwambia aliiona ngumu kidogo. Sijui kwa nini nilisema hivyo! Akatikisa kichwa. Akasema kosa lake, angeiacha ining'inie siku mbili zaidi ilainike.

Jumanne, 26 Novemba

Mazishi. Shati jeupe sina lingine. Lisilo na pindo halikai ndani ya suruali. Kila hatua na jeneza, linapanda. Upepo wa kutoka mashambani ukanipiga mgongoni pakiwa wazi. Dwight alikuwa amebeba nyuma yangu. Kwa mkono mmoja akashikilia jeneza, kwa mwingine akanichomekea shati, kama mama anavyomfanyia mwanawe wa shule. Hakucheka. Angecheka ningemshukuru.

Kina mama wa kanisa wakaleta nyama ya nguruwe, viazi, maharage mabichi ya kuoka. Dwight akawa anawasimulia waombolezaji kwamba chakula cha mwisho cha mzee kilikuwa kulungu wake, na kwamba kilikuwa kigumu, na kwamba hatajisamehe. Watu wakampigapiga bega. Mimi nilikula pai ya boga vipande vitatu, nikiwa nimesimama karibu na mlango. Tammy alikuja. Akanipa mkono, akasema pole, hakuuachia mkono wangu upesi. Afadhali angenizaba kofi.

Jumatano, 27 Novemba

Nimeitoa kwenye sanduku la zana. Sikuweza kuitupa. Siagi, kitunguu, kikaango cha Baba. Nyumba nzima ikanuka kama jikoni kwetu zamani, Mama yupo, Baba anavua buti mlangoni, anauliza nani anataka kipande cha kwanza. Nilikuwa nasema mimi. Siku zote nilisema mimi.

Ilikuwa laini. Uma peke yake uliikata. Nikaila yote, nalia na kutafuna, natafuna na kulia. Nyumba ya wazee si mbali. Kahawa haipoi kabla hujafika. Ningempelekea.

Nikaamua niende kwa Lorene nikamwambie yote. Nilivaa koti. Nilivaa na kofia. Nikafika mpaka barazani. Theluji ikaanza, nikajiambia barabara itateleza, nikarudi ndani.

Jumamosi, 30 Novemba

Leo nilikwenda makaburini. Nilitaka kumwambia Baba kwanza, kabla ya Lorene, kama mazoezi.

Nikakuta wageni. Majike wawili, na katikati yao dume lile! Lilelile! Wamesimama juu ya udongo mbichi wa Baba, wanakula maua ya kina mama wa kanisa. Jike mmoja alikuwa ameweka kwato pale ambapo nakadiria ni kifuani. Nilisimama nyuma ya jiwe la watu wengine na kofia mkononi. Sikuwa na bunduki, na hata ningekuwa nayo, hapo hapapigwi, mimi si mshenzi. Nilitazama tu. Machozi yakanitoka mpaka yakaniingia kwenye kola. Nilisema Baba, unawaona? Wamekuja wenyewe. Wakaendelea kula.

Halafu nikaanza kufikiri. Giza likikaribia wanaruka ua wa makaburi, wanaingia kwenye shamba la soya la Dwight. Nimeziona alama za kwato zao. Pale ni halali kupiga, na kesho ndiyo siku ya mwisho ya msimu. Mahali pa kujificha ni kwenye kichaka cha upande wa barabara. Ni mbali kidogo. Sawa, ni mbali. Lakini mchana huu nimenunua darubini ya kufunga juu ya bunduki, na kwa darubini hiyo nimeliona jicho la kuku wa jirani, na jirani anakaa ng'ambo ya kijito. Kanuni inasema uone jicho. Haisemi ulione kwa kutumia kitu gani. Kwa hiyo sitakuwa nimeivunja. Risasi ndiyo ileile, lakini nitalenga kimo cha watu watatu.

Jioni hii Lorene amepiga simu. Kesho usiku tunakula kwake, sisi watatu tu, kumkumbuka Baba. Sauti yake ilikuwa imechoka sana. Anasema Dwight ametoa sarara nyingine kwenye friza iyeyuke, safari hii ameining'iniza vizuri, anataka kuikaanga kwa siagi na kitunguu, kwa heshima ya mzee.

Nimemwambia airudishe kwenye friza. Nyama ya kesho naleta mimi.