Nchi ya Watu Wasio na Miguu

Jumanne, 2 Septemba. Keumbu.

Ukungu asubuhi nzima. Uliingia hadi studio, ukakaa kwenye kiti cha wateja. Ndio mteja pekee niliyempata leo. Tangu kila mtu awe na simu ya kupiga picha, watu wa Keumbu hawanihitaji mimi Ratemo ila wakitaka picha ya kitambulisho, na hata hiyo wanalalamika kwamba haifanani nao.

Nikatumia nafasi hiyo kuchora. Hadithi yangu iko hivi: chini ya mashamba ya chai ya Nyansiongo kuna nchi nyingine. Huko vilima hulala mchana na kutembea watu wakilala. Ng'ombe ni wa ukungu. Malkia huamka mapema kukamua mawingu. Nimeiandika mwenyewe, naichora mwenyewe. Rangi za dukani ziliisha zamani, kwa hiyo natumia turungi. Chai bila maziwa! Ukiichemsha sana inatoa jioni. Ukiiongeza maji inatoa alfajiri. Kwamboka, mke wangu, anasema majani ya chai yanaisha na alfajiri yangu hainyweki.

Watu wangu wote wamezama ukunguni kuanzia magotini. Mtazamaji atasema ni ndoto. Ukweli ni kwamba siwezi kuchora miguu.

Alhamisi, 4 Septemba.

Kisii mjini, kwa Subhash, muuza vitabu. Habari kubwa! Anataka kuchapa kitabu kimoja cha hadithi cha mtu wa huku kwetu, akiweke kwenye dirisha la mbele, linalotazamana na stendi. Kitu kikiwa kwenye dirisha lile Kisii yote imekiona. Kitabu kimoja tu. Na Mwalimu Mogaka ameshapeleka chake.

Mogaka! Picha zake zimechorwa na simu. Mashujaa wake wana miguu, sikatai. Mmoja ana vidole sita. Mwingine ana magoti mawili kwenye mguu mmoja.

Subhash alipitisha macho tu juu ya picha zangu. Binti yake Megha alizitazama moja moja, akamsahau kabisa mteja aliyetaka bahasha. Akauliza mbona hakuna anayekanyaga chini. Nikasema ni falsafa. Akasema "Mm." Baba yake akasema yeye hajui falsafa, anajua watu. Nionyeshe picha zangu hadharani. Watu wakija, na wakakaa, wasipite tu, kitabu ni changu. Wasipokaa, ni cha Mwalimu. Yeye na Megha watakuja Jumapili kujionea.

Jioni nikaamua kujifunza miguu haraka haraka. Nikakaa soko la ndizi, macho chini, penseli mkononi. Nyanchera, anayeuza pale kwenye kona, akapaza sauti: "Wewe Ratemo, unatafuta nini huko chini?" Nikasema sanaa. Akawageukia wenzake akawaambia kumbe siku hizi inaitwa sanaa. Wakacheka soko zima. Nimerudi nyumbani na mguu mmoja wa kushoto. Unafanana na kiazi kitamu.

Ijumaa, 5 Septemba.

Jina la maonyesho limenijia nikinyoa ndevu. Kalamu ya Ratemo. Fupi. Zito. Nikajikata kidogo kwa furaha.

Nikaenda kwa Mzee Jethro, anayesoma matangazo kanisani siku ya Sabato. Sauti yake haihitaji kipaza sauti. Akitangaza mazishi, hata waliozikwa zamani hugeuka. Sikumwandikia kitu. Msanii hatembei na vikaratasi. Nilimwambia kwa mdomo, yeye akaandika: Jumapili saa nane, nyumbani kwangu, Kalamu ya Ratemo, wote karibuni. Akasimamisha peni. Akauliza: wote? Nikasema wote, na watoto wao. Akanishika mkono muda mrefu. Akasema hakujua kwamba nina moyo wa namna hiyo.

Hatimaye, mtu anayeelewa sanaa.

Jumamosi, 6 Septemba. Sabato.

Tangazo limesomwa. Kanisa zima lilisema amina! Mwalimu Mogaka alipotangaza hadithi zake mwezi uliopita alipata kikohozi kimoja. Nyanchera akanipungia mkono kwa heshima. Watu kadhaa waliniuliza kama waje mapema kusaidia. Kusaidia kutazama? Nikasema waje.

Kwamboka hakusikia haya. Yuko Ekerenyo kwa mama yake hadi kesho. Atarudi akute mume mashuhuri.

Jumapili, 7 Septemba.

Nilitundika picha kwenye kamba ya nguo, kutoka dirishani hadi kwenye mparachichi. Hata saa nane haijafika, ua ulikuwa umejaa. Wamama walikuja na majani ya mgomba. Nyanchera alikuja na mkungu mzima wa ndizi kichwani. Vijana walikuja na visu vilivyonolewa. Nikajiuliza kisu na sanaa vinahusiana vipi, ila sikutaka kumvunja mtu moyo.

Subhash na Megha wakafika. Subhash akajaribu kuhesabu vichwa, akashindwa, akanipa mkono.

Na watu wakakaa! Kwa kuwa hakukuwa na lingine la kufanya, wakatazama. Mzee mmoja alisimama mbele ya ng'ombe wa ukungu, akauliza huyu anachinjwa saa ngapi. Nikacheka. Wazee wetu wana utani! Bibi mmoja akasimama mbele ya kilima kinachotembea, asiondoke. Akasema kilima hicho anakijua. Alikipita alfajiri akiletwa huku kuolewa, na siku hiyo pia hakuiona miguu yake.

Halafu ukungu ukashuka. Taratibu, kutoka juu kwenye migomba, ukapita chini ya kamba, ukajaa ua. Miguu ikapotea. Watu wote wakawa wanaelea, kimya, na picha zangu zinaelea katikati yao, hata sikujua yupi ni wa karatasi na yupi ni jirani. Megha alishika mdomo wake kwa mkono. Nilikuwa nchini kwangu. Nilikuwa nimefika.

Mzee Jethro akavua kofia, akaomba. Akabariki mikono iliyopika. Nikafumbua jicho moja. Mikono ipi?

Amina. Mzee Jethro akaninong'oneza, na mnong'ono wake ukafika barabarani: "Haya, leta sasa." Nikasema nimeshaleta, iko kwenye kamba. Nyanchera akasema, "Kamba tunaiona, baba. Nyama iko wapi?"

Ndipo Kwamboka akaingia na kikapu chake kutoka Ekerenyo. Akatazama ua. Akanitazama. Akachukua mkungu wa Nyanchera, akachukua chinsaga, mboga chungu za majirani, akawasha moto. Kisha akachemsha majani yote ya chai yaliyobaki, pamoja na makopo yangu ya rangi. Alfajiri ikanyweka. Jioni ikanyweka. Mwalimu Mogaka, ambaye hata sikumwona akiingia, alikula mara mbili.

Subhash akasema hawa walikuja kwa ajili ya tumbo. Megha akasema, lakini Papa, walikaa. Subhash akasema watu hukaa popote penye sufuria. Wakabishana Kigujarati kando ya gari. Mwisho: Jumapili ijayo nirudie, bila chakula na bila kutangaza chakula. Watu wakija, kitabu ni changu. Wasipokuja, dirisha ni la Mogaka.

Jumatatu, 8 Septemba.

Kwamboka amefanya upelelezi. Anasema nilimwambia Mzee Jethro nitaandaa karamu. Uongo! Nilisema kalamu. Nikasimama mbele ya kioo nikalitamka neno pole pole, tena na tena, nikijisikiliza. Kalamu, wazi kabisa. Kwamboka akiwa mlangoni akasema, "Karamu, baba Nyaboke. Zote zilikuwa karamu." Akaniomba, safari hii niandike kwenye karatasi.

Shida si mdomo wangu. Shida ni lile neno. Nitatafuta lingine.

Ijumaa, 12 Septemba.

Nimelipata! Mahali. Halina chakula ndani yake, liangalie upande wowote. Nchi yangu ni nini kama si mahali? Kwamboka aliniwekea karatasi na peni mezani. Nikaviacha hapo hapo. Jina la neno moja, la kuandika ni nini?

Mzee Jethro alinisikiliza vizuri. Akasimamisha peni. Akauliza: Kwamboka anajua? Nikasema ndiye atakayepanga viti. Akavua miwani. Akauliza kama watu wa upande wa msichana wanakuja. Alimaanisha Megha, bila shaka. Nikasema anakuja na baba yake, na wanakuja kwa ajili hiyo hiyo. Akauliza, kwa sauti ya chini sana, kuhusu ng'ombe. Nikasema wako tayari, kumi na wawili, na kila atakayekuja atawaona.

Akaandika vyote. Akasema kanisa litaniombea.

Sanaa imemgusa. Na safari hii nimeeleza kila kitu waziwazi. Hakuna atakayekosea.