Mfalme Kanuti Yuko Al Amerat

Jumamosi, 7 Novemba 1998

Kosa wanalolifanya watu wengi ni kuomba. Kitu hakiombwi. Kitu husifiwa. Mstaarabu ukimsifia chake hana budi kusema, "Halali yako, chukua." Ndivyo tulivyolelewa Unguja, na ndivyo tulivyokuta hapa Maskati. Basi wiki hii siombi. Nasifu.

Ninachotaka ni picha moja tu. Mwingereza mmoja aliyekuwa akihama aliuza vyombo vyake, na ndani yake picha sita za fremu, historia ya kwao ya kale, ile ile tuliyokaririshwa skuli enzi zao. Nilizitaka zote sita. Kwa bahati mbaya nikaanza kumweleza Mwingereza habari za Wanormani, maana niliona hazijui sawasawa. Kugeuka, shemeji yangu Msellem keshanunua moja! Mfalme Kanuti, yule aliyeweka kiti ufukweni akaiamuru bahari irudi nyuma, ili wanaomsifu wajue kuwa mfalme si Mungu. Sasa ukutani kwangu nna picha tano na msumari mtupu, wa pili kutoka kushoto. Wageni hawaulizi picha. Wanauliza msumari.

Leo Shariffa, mke wangu, ametoa hukumu. Picha ya sita ipatikane kabla ya chakula cha Ijumaa, au zote zishuke atundike kioo chake. Ati kachoka kuwanywesha watu kahawa chini ya askofu anayekatwa mapanga. Nimemfahamisha kuwa huyo ni Thomas Becket, mwaka 1170. Akasema mwaka haupunguzi damu.

Jumatatu, 9 Novemba

Nimevuka mlima hadi Al Amerat kwa Msellem, na sahani ya halwa. Kanuti kamtundika juu ya televisheni! Na anawaambia wageni kuwa huyo ni mstaafu, watoto wake wamempeleka pwani wakamsahau. Nimeuma ulimi. Si wakati wa kufundisha.

Nikasifu. Rangi, fremu, mawimbi. Msellem akasema, "Halali yako, Maalim, chukua." Nikakataa, kama adabu inavyotaka. Akarudia, nikakataa. Akarudia mara ya tatu, nikakataa kwa uchungu hasa, mkono kifuani. Kila mtoto wa watu anajua kuwa ya nne ndiyo inayopokelewa. Nikaweka mikono tayari.

Ya nne haikuja! Akanimiminia kahawa, akaanza habari za mvua. Nikakaa mpaka adhana ya Maghribi, namtazama Kanuti, Kanuti ananitazama. Nimerudi na sahani tupu.

Jumanne, 10 Novemba

Nimegundua kilichoharibika. Mpango ni mzuri, adabu zangu ndizo nyingi. Anahitajika mtu asiyejua kukataa.

Yupo Kamau, Mkenya anayeendesha duka la fremu Darsait. Ndiye aliyenibadilishia kioo cha Mfalme Alfred. Nimemwambia tutembee kesho Al Amerat, kuna picha nzuri, na akiipenda aseme wazi. Akauliza kama kutakuwa na pilau. Kwamba picha ni ya kuja kwangu sikumwambia. Hiyo ingekuwa kuomba.

Jumatano, 11 Novemba

Ushindi! Kwa nusu saa.

Kamau aliingia, akaiona, akapiga kofi. "Aisee mzee, hii picha ni kali!" Msellem, huku anachukua tende, hana hata wasiwasi: halali yako, chukua. Kamau akasema, "Kweli? Asante sana, Mungu akubariki," na hapo tayari keshapanda kochi kwa soksi anaiteremsha. Msellem tende imemgandia mdomoni. Nikatazama zulia nisije nikacheka.

Ndani ya gari nikasubiri anikabidhi. Hanikabidhi. Nikaanza kusifu. Nimesifu mteremko mzima wa mlima. Kila sifa Kamau anaiunga mkono. Ati ni kweli kabisa mzee, hata yeye ameipenda. Darsait akashuka, Kanuti kwapani.

Alhamisi, 12 Novemba

Nimekwenda dukani kwa Kamau. Nikasifu tena, kwa saa nzima. Akanipa chai. Kwao, inavyoonekana, sifa ni sifa tu.

Mpango mpya: nimemwalika chakula kesho. Akiuona msumari mtupu, msumari utasema wenyewe. Nimemwambia Shariffa. Akauliza kama huo msumari umewahi kusema na mtu mpaka leo.

Ijumaa, 13 Novemba

Kamau kaja na shati jipya. Msellem naye kaja bila kualikwa, ati kumwona dada yake. Akakaa mkabala na Kamau akamwita "mwizi wangu mpenzi".

Sinia bado haijaletwa. Kamau kasimama mbele ya ukuta. Kaugusa msumari! Akageuka, macho yanang'aa, akasema hizi zangu ni kali kuliko yake. Zote!

Na mdomo wangu, ambao mama yangu aliulea kwa bakora, ukasema peke yake, "Halali yako, chukua."

Hakukataa hata mara moja.

Shariffa akaleta magazeti ya kufungia na kamba. Kamba imepatikana haraka vile wapi? Msellem alicheka mpaka akaanguka kwenye mto, na alipoanguka nikacheka na mie, nikashindwa kuacha. Picha sita zimekutana kabla ya chakula cha Ijumaa, kama Shariffa alivyohukumu. Zimekutana Darsait.

Jumamosi, 14 Novemba

Asubuhi nimekwenda kuzitazama. Duka limejaa watu wanaosubiri fremu zao, na hawana pa kukimbilia. Nimewaeleza mafundi cherahani wawili wa Kihindi jinsi Mfalme John alivyobanwa na makabaila wake mpaka akaridhia Hati Kuu. Dereva wa teksi wa Kibaluchi akauliza kama jamaa zake Becket walilipwa diya ya damu yake. Swali zuri kabisa! Nyumbani miaka yote hii hakuna aliyeliuliza. Tangu nistaafu sijapata asubuhi kama hii.

Ila Kamau kamtundika Kanuti mwisho, baada ya Edward anayeuteka mji wa Calais. Kachelewa miaka mia tatu! Nimemwambia nafasi yake ni kabla ya William na Wanormani wake. Akasema, "Iko sawa, mzee, hapo inaficha ufa." Kuhamisha misumari kunataka nyundo, na nyundo haimtoki kiunoni.

Mwengine angemwomba. Mie siwezi kufanya kosa la namna hiyo.

Duka linafunguliwa tena alasiri. Leo hii: rudi Darsait, ukaisifu nyundo ya Kamau.