Kusafisha Uso wa Bi Sharifa

Jumanne, tarehe 9 mwezi wa saba, 1957

Mimi njo mupiga picha wa Kindu. Nimeandika hivyo ili nione namna inavyokaa kwenye karatasi. Inakaa vizuri!

Madamu Odile, niliyemufulia nguo miaka mitatu, amerudi kwao Ulaya. Ameniachia sanduku lake jeusi la picha, apareyi, na filimu mbili. Kila filimu inatoa picha nane. Alinionyesha: unalishika tumboni, unatazama chini ndani ya kioo kidogo, unabonyeza. Basi. Masomo yameisha.

Leo nimetazama ndani ya kile kioo mara kumi na moja. Jirani alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nilimuona mudogo kama kidole, anang'aa, anatwanga ndani ya sanduku langu. Nilisahau kwamba Victorine analia. Ana miezi minane na jino linatoka. Yeye halali, kwa hiyo mimi silali.

Bwana wangu Florentin anafanya kazi kwenye gari la moshi. Leo asubuhi ameondoka kwenda Kongolo. Kabla ya kupanda alitoa neno lake. Hamadi, mwenzake wa kazi, ana mashini ya kushona na anataka apareyi. Wabadilishane. Mwanamuke na mashini ya kushona, watu wanaelewa. Mwanamuke na sanduku tumboni, watu watasema nini? Nikakataa. Akakataa kukataa kwangu. Tukafika hapa: Jumamosi tarehe 20 anarudi. Akikuta uso wa muntu kwenye karatasi, uso mumoja tu, sanduku linabaki. Asipokuta, linakwenda kwa Hamadi.

Nikamwambia atakuta nyuso kumi na sita.

Alhamisi, tarehe 11

Hakuna muteja. Nilisimama sokoni tangu asubuhi, Victorine mugongoni, sanduku tumboni.

Abedi akatoka kuniona. Abedi ana chumba cha picha, ana pazia lililochorwa ngazi na maua, ana kitana cha wateja kwenye kamba. Akaniuliza mbele ya watu wote, eti Mama Victorine, mumoja mugongoni na mwingine tumboni, unapumzika lini? Soko likacheka. Nikamujibu kwamba huyu wa tumboni atazaa wanane kwa siku moja, yeye Abedi atazaa lini? Wakacheka tena. Lakini kidogo.

Aliporudi ndani, nilibaki natazama picha zake mulangoni. Sitaki kumusifu. Lakini kuna karani mumoja amekaa na saa kwenye mukono, na ukisogea karibu unaisoma: saa tatu na nusu. Yule karani alihamia Pangi mwaka jana, amenenepa, wanasema. Mulangoni kwa Abedi bado ni saa tatu na nusu yake. Nilisimama pale hadi jua likanichoma shingo.

Ijumaa, tarehe 12

MUPANGO!

Nilikwenda kwa Bi Sharifa kurudisha kikapu. Bwana yake ni Mbaraka, mwenye duka la vitambaa, watu wa Kiislamu wa tangu zamani. Bi Sharifa akitoka nje anajifunika vizuri, na hajapigwa picha hata siku moja, kwa sababu mupiga picha ni mwanaume. Leo nilimukuta analia. Mama yake yuko Kasongo, mugonjwa, hawajaonana miaka tisa. Mama ametuma neno: kama huwezi kuja, tuma uso wako.

Nikauliza: na mimi je? Mimi si mwanamuke?

Alinitazama. Akalitazama sanduku. Akashika mikono yangu yote miwili, akauliza kama ni kweli hakuna mwanaume atakayeuona uso wake, hata mumoja, hata kwa bahati mbaya. Nikaapa. Nikaapa kwa Victorine! Akasema Mungu amenileta.

Wapi Abedi sasa? Mutaa wote ule umejaa wanawake ambao hawezi kuwapiga. Wote wangu.

Jumapili, tarehe 14

Nimemupiga! Baada ya misa, uani kwake, milango imefungwa, wanaume wote wamefukuzwa, hata jogoo amefukuzwa.

Alitoka chumbani bila mutandio. Nywele zimesukwa mistari myembamba, wanja machoni, dhahabu masikioni. Hata Victorine alinyamaza, yeye ambaye hanyamazi. Ninamujua Bi Sharifa tangu miaka minne na leo njo nimemuona. Nilisahau kubonyeza. Akauliza bila kusogeza mudomo kama imekwisha. Nikasema bado, ninalipasha sanduku moto.

Picha nane zote, za kwake.

Nikiwa njiani kurudi, nikajiuliza Bi Sharifa anatokaje ndani ya sanduku. Nikamuuliza jirani. Akasema hujui? Filimu inapelekwa kwa Abedi, anaisafisha.

Kwa Abedi! Mwanaume! Na kiapo changu?

Nikakaa chini. Halafu nikacheka peke yangu. Kusafisha? Miaka mitatu nimesafisha mashuka ya Wazungu. Nani katika Kindu nzima anasafisha kunishinda mimi?

Jumatatu, tarehe 15

Nimeandaa kila kitu. Beseni, maji ya moto, sabuni ya kipande, buluu kidogo kama ya mashati meupe. Nikakaa juani ili nione vizuri. Nikafungua filimu.

Utepe wa kijivu. Hakuna muntu. Nikasema ni kawaida, uchafu bado umemufunika. Nikaosha kwa upole, namna ninavyoosha uso wa Victorine. Nikasugua kidogo. Ute ukaanza kutoka. Nikafurahi! Nikasugua tena. Ute ukatoka wote, maji yakawa kama uji, na mukononi nikabaki na kitu safi, safi kabisa, kinapitisha mwanga kama dirisha la kanisa.

Bi Sharifa hayumo. Nimemusafisha hadi ameisha.

Niliuanika utepe kwenye kamba ya nguo. Labda akikauka atarudi. Jirani akauliza ni nani aliyevunjika, maana aliona bandeji. Nikamwambia aangalie sombe yake.

Hajarudi.

Jumatano, tarehe 17

Jana nililala na Victorine muchana, wote wawili, kama mawe. Leo nimekwenda kusema ukweli. Njiani nilitengeneza uongo watatu wazuri, lakini alipofungua mulango na kuuliza yuko wapi, niliona namna alivyosema yuko, si iko, kama vile picha ni muntu, na uongo wote ukanitoka.

Nikamweleza sabuni. Nikamweleza buluu. Bi Sharifa alicheka hadi akakaa kwenye sakafu, akaniuliza kama sikumupiga na pasi pia. Halafu akaacha kucheka. Jumamosi asubuhi, akasema, jamaa yao anakwenda Kasongo. Baada yake hakuna muntu wa kwenda hadi mwezi mwingine. Na mama yake hana mwezi mwingine.

Nikamupiga tena. Filimu ya pili, ya mwisho. Mara saba. Ya nane nilimuwekea Victorine, ili nipate uso wa kumuonyesha Florentin. Nilimuweka kwenye mukeka, nikamwambia atulie. Namna yake ya kutulia tunaijua.

Alhamisi, tarehe 18

Mupango wa leo: kuiba ujuzi wa Abedi. Akiwa mbele na wateja, mimi nipite nyuma, nichungulie anasafisha na nini. Sabuni gani? Majivu?

Nikapita nyuma. Nikajibanza kwenye mulango wa chumba kimoja kisicho na dirisha. Nikaweka jicho kwenye tundu. Giza. Hapo hapo Victorine akapiga kelele kama gari la moshi likiingia Kindu.

Mulango ukafunguka. Si Abedi. Ni Aziza, muke wake, mikono imelowa hadi kwenye viwiko. Akasema shii. Akaniuliza ninatafuta nini kwenye choo chake. Nikasema kumbe hiki ni choo? Akasema hapana, lakini wezi wote wanajibu hivyo.

Nikamuambia yote. Kiapo, sabuni, mama wa Kasongo, Hamadi na mashini yake. Aziza akasikiliza hadi mwisho, halafu akasema: Abedi anabonyeza tu. Kusafisha njo kazi yangu, miaka sita sasa. Hakuna aliyewahi kuuliza. Je, mimi ni mwanaume? Ingia.

Ndani kuna taa nyekundu. Sahani tatu za dawa, zinanuka kama siki. Hakuna sabuni! Aliipitisha filimu niliyomupa kwenye dawa, akaianika ndani, kwa vibanio, kama mimi. Nilimwambia kwamba sehemu hiyo ya kuanika niliipata sawa. Tukala mihogo tukingoja ikauke. Victorine akalala kwenye mapaja ya Aziza. Kwa nini halali kwenye mapaja yangu?

Halafu akachukua karatasi tupu, akailalisha filimu juu yake, akaipiga mwanga kidogo, akaitia karatasi kwenye maji ya dawa. Akasema tazama.

Nilitazama. Karatasi nyeupe, maji, hakuna kitu. Nikataka kuuliza. Ndipo yakaja madoa mawili meusi. Wanja! Wanja wake ulitangulia. Halafu mistari ya nywele, mumoja mumoja, kama muntu anamusuka pale chini ya maji. Halafu Bi Sharifa mwenyewe akapanda juu, polepole, bila kupumua, akanitazama.

Sijui niandike nini. Nilizaa mutoto mwezi wa kumi na moja, nilimuona akitoka. Ilikuwa kama vile, lakini kimya.

Nililia. Aziza hakunicheka. Akasema kila siku, miaka sita, uso ukianza kupanda yeye pia ananyamaza. Akasema hajawahi kumwambia muntu, angesema nini?

Habari nyingine: katika zile saba, nne hazina kichwa, moja ni kidole changu, moja ni kidole changu na jogoo. Moja tu ndiyo nzuri. Ya Victorine ni wingu lenye jino.

Aziza akaitoa ile nzuri mara mbili. Moja ya Kasongo, moja yangu, ya kumuonyesha Florentin.

Ijumaa, tarehe 19

Nimempelekea Bi Sharifa picha yake. Aliishika kwa kingo. Akasema: huyu anafanana na mama. Akaifunga ndani ya kitambaa cha hariri, halafu ndani ya kingine, akaomba nimuache kidogo peke yake.

Nikarudi nyumbani nimejaa furaha, nikatoa nakala yangu, nikaitazama, nikafurahi kwamba kesho Florentin ataona...

Florentin ni mwanaume!

Nikakimbia kurudi. Nikamuuliza Bi Sharifa kama naweza kufunika yote na kuacha jicho moja. Akasema jicho njo hatari yenyewe. Kidevu? Hapana. Sikio? Akafikiri. Akasema sikio labda, upande wa hereni. Lakini nimeahidi uso, na sikio si uso. Akaniona nimejishika kichwa, akasema kama ni lazima, basi, nimuonyeshe Florentin, atanisamehe.

Nikakataa. Niliapa kwa Victorine. Picha nimeiweka ndani ya kopo, kifuniko nimekifunga kwa kamba.

Jumamosi, tarehe 20

Picha imeondoka asubuhi kwenda Kasongo. Florentin ameingia muchana.

Hakuvua kofia. Akasema: niletee uso. Nikafungua kopo, nikamuonyesha mugongo wa karatasi. Akautazama muda murefu. Akauliza kama huyu muntu ameondoka. Nikasema yuko upande wa pili, lakini huruhusiwi. Akanyoosha mukono, nikaitia picha kifuani. Akasema karatasi nyeupe hata yeye anazo, za kazi, nyingi. Nikamwambia aseme atakavyo, haoni.

Hapo Mbaraka akaingia, amekasirika. Muke wake amepigwa picha, muji wote unajua, na yeye bwana wa nyumba hajaonyeshwa! Muke wake amemuambia kiapo kinasema asione hata mwanaume mumoja, na yeye Mbaraka je, si mwanaume mumoja?

Wakakaa pamoja kwenye benchi, Florentin na Mbaraka, wakitazama kifua changu kama watu wanaongoja posta. Florentin akaanza kucheka. Lakini Mbaraka alipotoka, akasema hii ni habari ya uso, si uso. Neno letu ni neno. Jumatatu sanduku linapanda gari.

Jumapili, tarehe 21

Baada ya misa nilimwambia, kabla hujalichukua, tazama ndani mara moja.

Akacheka. Akalishika tumboni, vibaya. Mimi nikasimama mulangoni na Victorine. Nikamuambia si hivyo, inamisha kichwa. Akainamisha.

Nikamuuliza anaona nini. Gari la moshi linapita usoni kwake kila wiki na hashtuki, lakini leo alisimama hivyo hadi Victorine akachoka. Mwishowe akasema, kwa sauti ya kanisani, kwamba tuko wadogo na tunang'aa.

Halafu akasema Hamadi anaweza kungoja. Akanyoa ndevu. Akavaa kofia ya kazi, akafunga vifungo vyote, akasimama mbele ya ukuta. Akasema basi nipige mimi, nikirudi tarehe 3 nikute uso wangu, na sitasema tena habari ya mashini. Akazuia pumzi. Nilimuona mule ndani, mudogo, mukono umenyooka kwenye mushono wa suruali, macho yamefunguka kama ya mutoto. Ninamupenda huyu muntu. Nikabonyeza.

Akauliza kama ameingia. Nikasema ameingia muzima.

Hakuna filimu ndani. Ya pili iliisha kwenye lile wingu lenye jino.

Lakini nimekwisha kupanga. Akirudi na kudai uso wake, nitamwambia anayesafisha picha zangu ni mwanamuke, tena muke wa muntu, na ameapa kutoona uso wa mwanaume mugeni, hata mumoja. Atasema nini? Mupango hauna tundu!

Kesho asubuhi wanawake watatu wa mutaa wa Bi Sharifa wanataka kupigwa. Nimewaambia waje wote.